Hakimu wa Sebuleni

Wajukuu wa Hakimu wanataka kutengeneza kitabu cha ukoo. Mmoja wao, yuko Dar es Salaam na ana kazi nzuri, amenipigia simu mara nne tangu Pasaka. Anasema, "Mama mdogo, wewe ndiye uliyekaa naye karibu. Tuandikie kurasa mbili tatu za kumbukumbu nzuri." Nimemwambia kumbukumbu ninazo, ila hilo neno "nzuri" asinifunge nalo. Akacheka, akadhani namtania.

Alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, alifundishwa na mzungu gani, hayo wataandika wanaoyapenda. Mimi naandika niliyoyaona, na zaidi sana niliyoyasikia, kwa sababu miaka kumi na moja ya kwanza ya ndoa yangu sikuwahi kumtazama baba mkwe wangu usoni.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Ukimwona anakuja njiani, unaingia migombani, unajitanda khanga kichwani mpaka apite. Huli naye, humpokei mzigo, na jina lake hulitamki. Wakati naolewa mimi, mwiko huo ulikuwa umeshalegea, hasa kwa watu wa kanisa. Wenzangu walikuwa wakiwapelekea baba wakwe zao chai na kupiga nao soga. Kwa Hakimu haukulegea. Yeye aliyekaa benchi la mbele kanisani, aliyekula mbalaga, ndizi zetu za kupika, kwa kisu na uma, aliyesema matambiko ni ujinga wa watu wasiojua kusoma, mwiko huu mmoja aliushika kwa mikono miwili. Ulimpa nyumba ambayo ndani yake wanawake wanakimbia akikohoa.

Ndiyo maana mpaka leo jina lake halinitoki mdomoni. Hata hivyo watu wote walimwita Hakimu. Alianza kuitwa hivyo akiwa kijana, enzi za Mwingereza, alipotolewa kwenye ukarani wa baraza na kupewa kiti cha hukumu, akawa pia mkono wa kulia wa Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, hapa Tukuyu. Uhuru ulipokuja akabaki na kiti. Alipostaafu akabaki na jina.

Nilimjua kwa masikio. Viatu vyake vilikuwa na vyuma kisiginoni, na mama mkwe wangu alikuwa akivisikia kutoka mbali, akagonga ukuta wa jikoni mara mbili kwa mwiko wa ugali ili nijue pa kujificha. Kikohozi chake kilikuwa kifupi, kama mtu anayebisha hodi na hataki kukaribishwa. Sauti yake sikuwahi kuisikia ikipanda. Wanaume wengi wa pale mlimani waligombeza watu mpaka ng'ambo ya mto wakasikia, lakini Hakimu alisema polepole, neno baada ya neno, kama anayemngoja karani amalize kuandika. Nilizaliwa kwenye nyumba ya makelele, na nawaambia makelele ni afadhali.

Nyumbani aliongea lugha ya mahakamani. Mtoto akitaka kwenda kuangalia mpira aliambiwa, "Ombi lako limesikilizwa. Limekataliwa." Mama mkwe aliomba mwezi wa tano aende Kyela kumwona dada yake aliyejifungua. Jibu alilipata mwezi wa kumi na moja, siku ambayo mtoto wa dada alikuwa ameshaanza kukaa mwenyewe. Alikubaliwa siku tatu. Alirudi siku ya pili jioni kwa kuogopa gari lisije likaharibika njiani akahesabiwa kosa.

Jumamosi baada ya chai alifungua baraza sebuleni. Alikuwa na kiti kirefu chenye mikono ya mbao, alichokitwaa wakati samani za baraza la zamani zilipotupwa, na mbele yake meza yenye daftari kubwa lenye jalada gumu. Aliandika jina la mlalamikaji, la mlalamikiwa, shauri lenyewe, kisha hukumu, akaweka sahihi. Mbuzi aliyekula kabichi za jirani alikuwa na ukurasa wake. Mume wangu, Anyitike, ambaye ni kitinda mimba wa nyumba ile, alikuwa na kurasa kumi na mbili kabla hajafika darasa la saba. Alinionyesha siku moja baba yake alipokwenda mjini. Kosa la mwisho lilikuwa "kucheka bila sababu wakati wa sala."

Nisiposema mengine nitakuwa mwongo, na uongo ndicho kitu alichokichukia kuliko vyote. Hongo hakula. Mtu mmoja wa Lupepo alimletea jogoo usiku wa kuamkia kesi, akamwacha amefungwa kwenye nguzo ya baraza. Asubuhi Hakimu alimfungua, akamshika miguu, akatembea naye kichwa chini mpaka Lupepo kwenyewe, maili zile zote, akamkabidhi mwenyewe mbele ya wakwe zake. Na kesi akampa ushindi, maana alikuwa na haki. Yule bwana alishinda na aibu akapata.

Kuna pia habari ya mjane. Malafyale mmoja, chifu mwenye watu na ng'ombe wengi, alichukua migomba ya mwanamke aliyefiwa. Hakimu alikuwa na umri usiofika thelathini. Alimhukumu malafyale arudishe migomba yote, pamoja na iliyoanguka kwa upepo. Watu wa chifu wakasema wataichoma nyumba yake. Hakimu akatoa kiti chake nje, akakaa barazani tangu asubuhi mpaka jioni, amevaa koti na tai, anawangoja. Hawakuja. Wajukuu wa yule mjane bado wanaleta mkungu wa ndizi kila Krismasi kwenye familia yetu, na mimi huupokea, nikiwa sijui niusemee nini.

Na kila siku saa moja asubuhi alitoka kupima mvua. Bwana Shauri wa mwisho alimwachia kipimo cha bati, na Hakimu alisoma maji yake na kuandika kwa miaka zaidi ya arobaini. Hapa kwetu mvua ni kitu cha kila siku, hakuna aliyemwuliza imenyesha kiasi gani. Anyitike akiwa mdogo aliwahi kukipiga kipimo teke, kikamwagika, naye akaandika tarakimu ya kubuni. Hakimu aliitambua. Akaandika pembeni: "Siku hii haiaminiki." Hakumchapa, ila kwa mwezi mzima alimwita mtoto wake "Siku Hii."

Basi, mtu wa namna hiyo, anayesumbuliwa na tone moja la mvua, aliwezaje kuwafanyia wanawake aliyowafanyia? Nimejiuliza sana. Jibu ninalolipata ni kwamba tone la mvua kwake lilikuwa na uzito, mwanamke hakuwa nao.

Bibi yangu mzaa mama aliishi Lupepo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda katikati ya kiwiko na kiganja, kama tawi lililovunjika likaota hivyo hivyo. Alinipakata kwa mkono huo, alinisukia nywele kwa mkono huo. Nilipokuwa mkubwa wa kutosha kuuliza, akanieleza.

"Mume wa kwanza," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa zamani, hakina "r" hata moja. "Alinivunja kwa mchi. Nikakimbilia kwa baba. Baba akasema twende balazani, selikali ipo."

Barazani alikuwepo Hakimu, kijana, kaptula imepigwa pasi, soksi zimefika magotini. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshatolewa kumwolea mke kaka yake Bibi, hivyo hapakuwa na cha kurudisha. Hakimu aliuliza mkono ulivunjika lini. Wakamwambia miezi miwili. Akamwita Bibi mbele, akaushika, akaugeuza kama mtu anayeangalia nanasi kama limeiva.

"Mkono umeunga," akasema. "Ndoa nayo itaunga."

Tarishi alimrudisha kwa mumewe siku ile ile. Yeye alitembea mbele, tarishi nyuma akisukuma baiskeli. Bibi aliishi na yule mtu miaka sita zaidi, mpaka yule mtu alipokufa kwa homa. "Sikumlilia," aliniambia. "Walifikili nimelogwa."

Mtaniuliza, kama nilijua hayo, niliingiaje nyumba ile? Niliingia kwa kumpenda Anyitike. Alikuwa mwalimu mpya, mimi muuguzi mpya, na alikuwa mtu wa kwanza kunisikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Aliposema baba yake ni nani, nilinyamaza siku mbili. Nikaenda Lupepo kumwuliza Bibi.

"Ndiyo nyumba hiyo?" akauliza.

"Ndiyo, Bibi."

Akamenya ndizi tatu. "Huyo kijana ni mpole?"

"Ni mpole."

"Basi olewa. Mimi nitakuja halusini."

Alikuja. Nje ya kanisa, baada ya ibada, alijipanga kwenye mstari wa kuwasalimia wazazi wa bwana harusi. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa chini ya shela, sikumwona Hakimu, niliona viatu vyake tu. Lakini niliuona mkono wa Bibi, alioutoa makusudi, ule uliopinda, ukaingia kwenye kiganja cha Hakimu na kukaa humo kitambo.

"Ndaga, mama," alimsalimu Hakimu kwa heshima yote. "Karibu sana."

Viatu vikasogea kwa mtu wa pili. Hakumkumbuka, wala mkono wenyewe haukumkumbusha lolote. Bibi alirudi Lupepo mchana ule ule bila kula pilau, na mimi chuki yangu ilianzia pale, siku ya harusi yangu, kabla hata sijavua shela.

Tulijengewa nyumba ndogo nyuma ya nyumba yake, kwenye ule mteremko unaotazama Makandana, kulikokuwa na hospitali. Nilizaa watoto wawili pale, Lusajo na mdogo wake. Mama mkwe alinifundisha njia za kupita nisionekane: nyuma ya stoo, kando ya parachichi, chini ya ukuta wa choo. Alikuwa mwanamke mcheshi, akiwa peke yake na sisi. Aliweza kuigiza kile kikohozi tukacheka mpaka tukashika mbavu. Viatu vikisikika, sura yake ilifunga kama duka.

Binti yao alikuwa mmoja, Sekela, mkubwa kuliko mimi kwa mwaka mmoja. Wifi yangu huyo alikuwa ameolewa na mtu mwenye lori la kubeba majani ya chai. Hakimu ndiye aliyemchagua, kwa sababu alivaa saa na alifika kwa wakati.

Ijumaa moja Sekela alikuja kwangu kabla ya kwenda kwa wazazi wake. Mvua ilikuwa inanyesha, mtoto yuko mgongoni, mdomo wa juu umechanika mpaka karibu na pua. Nilimshona mezani kwangu, nyuzi nne, watoto nimewatoa nje. Hakulia. Aliniambia tu, "Safari hii sirudi. Baba akiniona hivi hatanirudisha."

Alikuwa anaamini hivyo kabisa. Nami nilitaka kuamini, kwa kuwa huyu hakuwa mwanamke wa Lupepo aliyeletwa barazani na watu asiowajua. Huyu alikuwa damu yake.

Hakimu alimwona, akasema, "Shauri litasikilizwa kesho."

Jumamosi mumewe alikuja na wazee wawili. Kaka zake Sekela waliitwa, na Anyitike alikuwa miongoni mwao, wamepangwa kwenye benchi. Mimi na mama mkwe tulikuwa jikoni, mlango umeachwa wazi kidogo ili chai ipite. Nilisikia kila kitu.

"Mlalamikaji, jina lako."

"Baba, jina langu unalijua."

"Jina lako."

"Sekela."

Alisimama muda wote, mtoto mgongoni. Mumewe alipewa kiti. Mume akasema mke ana mdomo, anajibu, chakula kinachelewa. Sekela akasema alipigwa kwa spana. Wazee wakasema vijana wana hasira, wataelewana. Halafu ile sauti ya polepole ikageukia mlango wa jikoni.

"Muuguzi yupo?"

Mama mkwe akanishika mkono. Hakimu hakuwahi kuniita, si kwa jina wala kwa kazi.

"Shahidi azungumze akiwa huko huko alipo. Aeleze alichokikuta."

Nikasimama nyuma ya mlango, khanga kichwani, nikatoa ushahidi wangu kwa mbao. "Mdomo nimeushona nyuzi nne. Jicho limevilia damu. Mbavuni ana alama za zamani, za wiki mbili tatu. Sikio la kushoto linatoa maji."

"Jeraha la mdomo litapona?"

"Litapona, Tata, lakini sikio..."

"Shahidi ajibu alichoulizwa."

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nina cheti, nina watoto, nimeshika mikono ya watu wakifa. Nikajibu kama mtoto wa shule. "Litapona."

Tukasikia kalamu ikikwaruza. Kisha akasoma. Mume anaonywa asitumie chuma. Mke anaonywa kuhusu ulimi. "Jeraha, kwa ushahidi wa muuguzi aliyelitibu, litapona. Mlalamikaji arudi kwake leo, kabla ya mvua."

Mama mkwe, aliyekuwa upande wa kuona, aliniambia baadaye kwamba Sekela aligeuka akautazama mlango wa jikoni. Lori likawaka, likashuka.

Nilipomkuta Anyitike nyumbani nilimwuliza, "Wewe pale ulikuwa unatazama nini?"

"Viatu vyangu," akasema.

Wiki ya tano majirani walimleta Sekela hospitalini kwa machela. Nilikuwa zamu. Taya lilikuwa limevunjika, na sikio lile la kushoto lilikuwa limeharibika, halikusikia tena tangu siku hiyo. Nilimhudumia mpaka zamu ikaisha. Halafu sikwenda kubadili nguo. Nilipanda mlima na sare yangu, khanga nimeitupia begani, damu ya wifi yangu kwenye mfuko wa kifuani, nikapita njia ya katikati ambayo sikuwahi kuikanyaga, nikaingia kwa mlango wa mbele.

Alikuwa kwenye kile kiti, anasoma gazeti la wiki iliyopita. Akainua uso. Miaka kumi na moja nilikuwa nimemjenga kichwani mtu mkubwa, wa kimo cha sauti ile. Nilimkuta mzee mwembamba, masikio makubwa, macho yameanza ukungu pembeni, na doa la chai kwenye sweta. Kwa kitambo kidogo tulitazamana. Kisha yeye, si mimi, akainua gazeti akajifunika uso.

"Nimekuja kurekebisha ushahidi wangu," nikasema. "Niliulizwa kama jeraha litapona, nikasema litapona. Halikupona. Sekela amevunjwa taya na sikio moja limekufa. Andika hivyo kwenye daftari lako."

Gazeti halikushuka.

"Shauri limefungwa," akasema nyuma yake. "Na wewe umevunja mwiko."

"Nimevunja. Na bibi yangu wa Lupepo ulimvunjia maisha. Ulimshika mkono ukasema umeunga, ndoa nayo itaunga. Kwenye harusi yangu akakupa mkono ule ule, ukamwambia karibu sana. Unamkumbuka?"

Alifikiri. Nampa haki yake hapo, alifikiri kweli, hakuwa mtu wa kujibu bila kutafuta.

"Wa Lupepo," akasema mwishowe, "walikuwa wengi."

Nilitoka kwa mlango ule ule. Mama mkwe alikuwa amesimama uani na sufuria mkononi, amesikia yote. Hakunigombeza. Alinivua khanga iliyokuwa imenilegea begani, akaikung'uta, akanifunga upya vizuri kama anayemwandaa mtu kwa safari.

Kesho yake Hakimu alimpelekea mwanawe barua, iliyopigwa chapa, kwamba mkewe asikanyage tena eneo la nyumba kubwa. Anyitike akaisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni, na kabla ya wiki kuisha akawa ametupatia nyumba ya kupanga Makandana. Hilo ndilo tendo la ujasiri nililomwona akimfanyia baba yake, na hata hilo alilifanya mgongoni kwake. Sikumdai zaidi. Kumlea mtoto kwa kumwita "Siku Hii" kuna gharama, na nilimpata akiwa ameshailipa.

Sekela alipotoka hospitali nilimpandisha basi la Mbeya pamoja na mtoto wake. Alianza kwa kushonea watu kwenye kibaraza Mwanjelwa, na sasa ana cherehani zake nne na anashona sare za shule. Ukiongea naye anageuza kichwa akupe upande wa kulia. Tukuyu alirudi mara moja tu, mama yake alipofariki. Alimzika mama yake, akaondoka bila kuingia sebuleni. Siku hiyo Hakimu alisimamisha mazishi kwa muda kwa sababu fundi alikuwa amekosea herufi moja kwenye msalaba wa mkewe. Watu wakasubiri na jeneza, herufi ikasahihishwa. Wapo wanaosimulia hilo mpaka leo kama ushahidi wa mapenzi. Labda lilikuwa. Mimi nilikuwa na yule mama jikoni miaka kumi na moja, na ningependa angesahihishiwa kitu kingine, akiwa hai.

Miaka ikapita mingi. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu waliponiletea Hakimu wodini. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi zake zenye kuvu, nyonga imevunjika. Wanawe wakubwa walikuwa Dar es Salaam na Dodoma, wanapiga simu. Anyitike alikuwa kwenye mafunzo mkoa mwingine. Wauguzi vijana waliposikia ni baba mkwe wangu wakasema, "Mama, sisi tutamwogesha." Nikawaambia waende kwa wagonjwa wengine.

Nilimwogesha mimi. Siku ya kwanza aligeuzia uso ukutani, na mimi sikumsemesha. Siku ya pili akauliza, akiwa amefumba macho, "Ni nani?"

"Muuguzi."

"Muuguzi ana jina."

"Mama Lusajo."

Nilimaliza kumkausha miguu. Mwili wake ulikuwa mwepesi, nilimgeuza kwa mkono mmoja. Naeleza hili bila kujisifu: sikumhurumia. Nilimwogesha vizuri, maji ya vuguvugu, sabuni sikuiacha masikioni, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Huruma si sehemu ya kazi, ingawa wengi wanadhani ndiyo.

Siku ya nne, kama saa tano asubuhi, akanishika mkono wa sare.

"Nimekuwa nikipitia mashauri," akasema. Sauti ilikuwa ile ile, imepungua upepo tu. "Yale ninayoyakumbuka. Shauri la Sekela nimelifuta."

"Umelifuta?"

"Hukumu imetenguliwa. Ushahidi haukusikilizwa wote. Ulikuwa na la kusema kuhusu sikio." Akapumzika. "Mpe taarifa. Mwambie aje."

Nitasema ukweli, nusu ya maisha yangu nilikuwa nimesubiri asikie sentensi ile kuhusu sikio. Nilitoka nje ya wodi, nikasimama kwenye koridoo nikampigia Sekela. Nyuma yake cherehani zilikuwa zinakwenda. Nikamweleza neno kwa neno, nikarudia kwa sauti zaidi, maana alikuwa ameweka simu sikio baya akahamisha.

Nilidhani atalia. Halafu akacheka. Alicheka kwa muda mrefu, nikawasikia na wasichana wake wa kazi wakiuliza kuna nini.

"Wifi," akasema alipopata pumzi, "mwambie mimi sikukata rufaa. Mimi niliondoka."

"Huji?"

"Nina sare mia na ishirini za kumaliza. Shule zinafunguliwa Jumatatu."

Nilirudi kitandani kwake. Hakimu alikuwa amejitahidi kujiinua kidogo kwenye mto, amefunga kifungo cha juu cha shati, anaangalia mlango.

"Amesema hakukata rufaa," nikamwambia. "Amesema aliondoka."

"Amesema hivyo?"

"Neno kwa neno."

"Na haji?"

"Haji."

Nilimwona akitafuta, kama alivyotafuta siku ile nyuma ya gazeti, na safari hii hakuna alichokipata. Akaacha kuangalia mlango.

"Andika," akasema. "Mlalamikaji hakutokea."

Kalamu nilikuwa nayo, na jalada lake lilikuwa linaning'inia pale miguuni pa kitanda. Sikuandika. Nilimshusha kwenye mto, nikamnyoosha shuka, nikaenda kitanda cha pili. Alikuwapo mchuma chai mmoja aliyejikata kidole, anangoja tangu asubuhi abadilishiwe bandeji. Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake, nikamwomba radhi kwa kumchelewesha.